Nyuzi 900 Ndani ya Ekzosi Zinasema Nini?

Aluminiamu safi huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, na aloi za aluminiamu na silikoni zinazotengenezewa pistoni huanza kulegea kabla hata ya kufika hapo. Juu ya pistoni hiyo hiyo, petroli inapowaka, joto la mwali hupita nyuzi 2,000. Injini ya mipigo minne inayozunguka mara 6,000 kwa dakika hupata mwako huo mara 3,000 kwa dakika katika kila silinda, na bado haiyeyuki. Mwali hudumu milisekunde chache tu, maji na oili hubeba joto kulipeleka kwingine, na utando mwembamba wa gesi iliyopoa hujibandika juu ya chuma na kukikinga. Utando huo ukivunjwa, au joto likizidi uwezo wa maji na oili, pistoni hutoboka.

Hakuna fundi anayeweza kuchungulia humo injini ikiwa kazini. Kitu cha karibu zaidi anachoweza kukipima ni gesi inayotoka mara valvu ya ekzosi inapofunguka. Ndiyo maana geji ya joto la moshi imekuwa kifaa cha heshima kwa wanaotyuni magari ya kasi, kuanzia karakana za Japani na Marekani hadi gereji za Nairobi na Dar es Salaam ambako Subaru Impreza na Land Cruiser hufungwa turbo kubwa na kuandikiwa programu mpya. Namba inapanda, namba inashuka, na mwenye gari anaambiwa kuwa injini iko salama au iko hatarini.

Tatizo ni kwamba namba hiyo peke yake haithibitishi lolote kati ya hayo mawili. Joto la moshi ni matokeo ya mambo kadhaa yanayokwenda pamoja: kiasi cha mafuta, wakati wa cheche, mzigo, aina ya petroli, mahali sensa ilipochomekwa, hata unene wa sensa yenyewe. Thamani yake kubwa iko katika kulinganisha, yaani silinda na silinda, leo na jana, injini hii na injini hii hii kabla haijaguswa. Fundi anayeisoma kama hukumu iliyokamilika anaweza kuua injini huku geji ikimpa matumaini.

Kwa makadirio ya jumla, nishati iliyomo katika petroli hugawanyika karibu mafungu matatu yanayokaribiana: moja huzungusha krankishafti, moja huishia kwenye maji ya rejeta na oili, na moja hutoka na moshi. Gesi iliyowaka husukuma pistoni kwenda chini, na kadiri inavyotanuka ndivyo inavyopoa. Mwako ukikamilika mapema, gesi hupata safari ndefu ya kutanuka, hufanya kazi kubwa, na hutoka ikiwa imepoa kiasi. Ukichelewa, valvu hufunguka wakati gesi bado ina joto ambalo halijageuzwa kuwa kazi, na joto hilo huingia lote kwenye manifoldi.

Kwa hiyo taimingi ya cheche ina nguvu kubwa juu ya namba ile. Fundi akirudisha cheche nyuma, joto la moshi hupanda hata kama hajagusa mafuta. Akiisogeza mbele, hushuka. Na hapa ndipo mtego wa kwanza ulipo, kwa sababu kusogeza cheche mbele hupunguza joto kwenye ekzosi huku kukiongeza shinikizo na joto ndani ya silinda. Geji inaonyesha nafuu, ilhali pistoni, plagi na gasketi ya silinda hedi zinazidi kuelemewa.

Mafuta nayo yana tabia yake. Petroli huwaka kikamilifu kwa uwiano wa takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Karibu na uwiano huo ndipo moshi hufikia kilele cha joto. Ukiongeza petroli, moshi hupoa: petroli ya ziada hunyonya joto inapogeuka mvuke, na kwa kuwa oksijeni haitoshi, sehemu yake haiwaki hadi mwisho, hutoka ikiwa kaboni monoksidi. Ukipunguza petroli kupita kile kilele, moshi hupoa pia, kwa sababu sasa kuna hewa nyingi inayopashwa joto na mafuta machache. Namba moja, tuseme nyuzi 820, inaweza basi kuonekana pande zote mbili za mlima huo. Injini ya petroli yenye turbo, ikiwa kwenye mzigo kamili, huhitaji kuwa upande wa mafuta mengi. Kwa kawaida nguvu kubwa zaidi hupatikana uwiano ukiwa kati ya 12.5 na 13, na mafundi wa turbo huenda chini zaidi ya hapo ili kupata akiba ya usalama.

Marubani wa ndege ndogo walilielewa jambo hili mapema kuliko watu wa magari. Ndege ya injini ya pistoni ina mkono wa kupunguza mafuta, na rubani akiwa juu hulazimika kuamua mwenyewe kiasi gani kinafaa. Yeye hapunguzi mafuta mpaka geji isome namba fulani iliyoandikwa kitabuni. Hupunguza polepole, huitazama namba ikipanda hadi kileleni, kisha huhesabu nyuzi kutoka kwenye kilele hicho, ama upande wa mafuta mengi au upande wa mafuta machache. Kilele ndicho alama yake. Ukubwa wa namba yenyewe haumshughulishi sana, kwa kuwa sensa iliyosogezwa sentimita mbili tu ingetoa namba nyingine. Katika miaka ya 1990 kampuni ya GAMI ya mji wa Ada, Oklahoma, ilianza kuuza nozeli za mafuta zilizolinganishwa silinda kwa silinda, baada ya kuona kwamba katika injini nyingi za ndege silinda hazifikii kilele kwa pamoja: moja huwa imeshapita wakati nyingine bado inapanda. Ugunduzi huo usingewezekana kwa sensa moja iliyofungwa mwishoni mwa bomba, mahali moshi wa silinda zote umekwisha changanyika.

Gari lina faida ambayo ndege hizo hazikuwa nayo, nayo ni sensa ya lambda, inayopima oksijeni iliyobaki katika moshi. Bosch waliitoa mwaka 1976, na Volvo wakaifunga katika magari yao yaliyopelekwa California. Aina yake ya baadaye, inayosoma uwiano kwa upana badala ya kusema tu mengi au machache, ndiyo sasa mwongozo mkuu wa mtu anayetyuni. Wapo wanaodai kwamba kwa sababu hiyo geji ya joto imepitwa na wakati. Dai hilo lina haraka. Lambda moja kwenye bomba kuu husoma wastani. Ikiwa nozeli ya silinda moja imeziba kidogo na nyingine tatu zinamwaga kupita kiasi, wastani unaweza kutoka safi kabisa huku silinda ile moja ikiungua. Lambda pia haijui lolote kuhusu cheche. Injini mbili zenye uwiano uleule wa mafuta zinaweza kutofautiana kwa nyuzi 100 za moshi kwa sababu ya taimingi tu.

Mtego wa pili ni wa hatari zaidi kuliko ule wa kwanza. Injini inapogonga, yaani mchanganyiko wa mwisho ndani ya silinda unapolipuka wenyewe kabla mwali haujaufikia, mawimbi ya shinikizo huupangusa ule utando wa gesi unaokinga chuma. Joto ambalo lingetoka na moshi sasa linaingia kwenye pistoni na kuta za silinda. Matokeo yake, joto la moshi mara nyingi hushuka wakati injini inaanza kujiharibu. Anayetazama geji moja tu ataona namba ikipungua na kudhani kwamba marekebisho yake yamezaa matunda. Sensa ya kugonga, au sikio la fundi lililounganishwa na bloku ya injini kwa vifaa vya kusikilizia, haina mbadala hapo.

Suala hili linagusa moja kwa moja magari yanayoingia Afrika Mashariki kutoka Japani. Kiwango cha Japani kinataka petroli ya daraja la juu isipungue oktani 96, na ile inayouzwa vituoni hukaribia 100. Programu ya kiwandani ya Impreza STI au Lancer Evolution ya soko la Japani iliandikwa kwa petroli ya namna hiyo. Gari likijazwa petroli ya oktani ya chini, kompyuta ya injini husikia dalili za kugonga na kurudisha cheche nyuma. Injini inaokoka, nguvu inapungua, na joto la moshi linapanda. Mmiliki akiona namba kubwa hufikiri mafuta ni machache, huagiza yaongezwe, na namba hushuka. Lakini chanzo chenyewe, petroli isiyolingana na programu, kinabaki palepale. Tiba ya kweli ilikuwa kuandika upya taimingi na shinikizo la turbo kwa petroli inayopatikana kweli kwenye pampu ya mtaani.

Dizeli hugeuza mambo juu chini. Injini hiyo hufanya kazi daima ikiwa na hewa ya ziada, kwa hiyo iko upande mmoja tu wa mlima: kila tone linaloongezwa hupandisha joto la moshi, na kila hewa inayoongezwa hulishusha. Geji husomeka kwa urahisi zaidi, na pengine hakuna injini inayoihitaji zaidi ya dizeli iliyoongezewa mafuta. Wenye malori madogo ya Marekani yenye injini za Cummins, wanaovuta trela nzito milimani, wamezoea kanuni ya kutokaa muda mrefu juu ya nyuzi 700 hivi zikipimwa kabla ya turbo.

Chukua 1HZ ya Toyota, dizeli ya silinda sita ya sentimita za ujazo 4,164 iliyoanza mwaka 1990 na inayojulikana kwa kila dereva wa watalii kutoka Arusha hadi Maasai Mara. Kiwandani haina turbo. Dizeli yake huanza kuwaka ndani ya vyumba vidogo vilivyo kwenye silinda hedi, mpango unaoifanya iwe na sauti ya upole na uvumilivu mkubwa, lakini pia unaoiachia silinda hedi joto jingi. Watu huifunga turbo, kisha huzungusha skrubu ya mafuta kwenye pampu ili gari lipate nguvu. Kwenye barabara tambarare hakuna tatizo. Likiwa limebeba mzigo na kupanda mlima Kitonga, au kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru, mguu hukaa chini kwa dakika nyingi mfululizo, na hapo nyufa huanza kati ya valvu na kwenye vyumba vile vidogo. Geji ya maji haiwahi kuonya, kwa sababu maji huchelewa sana kupata habari. Geji ya moshi ingeonya ndani ya sekunde chache, na dereva angepunguza gia na kulegeza mguu.

Mwinuko wenyewe ni sehemu ya hesabu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huko ni pungufu kwa karibu moja ya tano likilinganishwa na Mombasa. Pampu ya kimakanika isiyo na kifaa cha kusahihisha mwinuko humwaga dizeli ileile popote ilipo. Gari lililotyuniwa Mombasa likitoa moshi safi litatoa moshi mweusi likifika Limuru, na joto lake litapanda. Toyota wenyewe walifunga kifaa hicho katika baadhi ya pampu za 1HZ, na fundi anayekiondoa ili kurahisisha kazi anaondoa kinga ambayo mhandisi aliiweka kwa makusudi.

Lakini kabla ya kubishana juu ya namba, kuna swali la kama namba ni ya kweli.

Kifaa kinachotumika karibu kila mahali ni themokapo ya aina ya K: nyaya mbili za aloi tofauti, kromeli na alumeli, zilizounganishwa ncha moja. Msingi wake ni jambo aliloligundua Thomas Johann Seebeck mwaka 1821, alipoona sindano ya dira ikicheza karibu na kitanzi cha metali mbili kilichopashwa joto upande mmoja. Themokapo hiyo hutoa takriban mikrovolti 41 kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto. Kwenye nyuzi 900 inatoa milivolti 37 na kidogo, umeme mdogo mno, kwa hiyo kila kosa la ufungaji huonekana.

Neno la msingi hapo ni tofauti. Themokapo haipimi joto la ncha yake; hupima tofauti kati ya ncha hiyo na mahali nyaya zake zinapoishia, na kifaa cha kusomea hulazimika kujua joto la hapo mwisho ili kulijumlisha. Fundi akiunga waya uliopungua urefu kwa waya wa kawaida wa shaba chini ya boneti, amehamisha mwisho huo bila kukiambia kifaa. Ikiwa chini ya boneti kuna nyuzi 80 na kwenye dashibodi kuna nyuzi 30, geji itasoma pungufu ya nyuzi 50, na gari litaonekana lina nafasi ya kuongezewa nguvu wakati halina. Rangi nazo hudanganya. Katika mfumo wa Marekani, waya wa njano wa aina ya K ndio chanya na mwekundu ndio hasi, kinyume cha mazoea ya kila fundi wa umeme wa magari. Katika mfumo wa kimataifa, kijani ni chanya na nyeupe ni hasi. Mtu akizigeuza, namba hushuka moshi unapopata joto.

Vifaa vya bei nafuu vinavyouzwa kwa wapenda elektroniki vina mipaka yake pia. Chipu ya MAX6675, inayopendwa na wanaojiundia geji, husoma hadi chini kidogo ya nyuzi 1,024 na kuishia hapo. Kwa dizeli inatosha. Kwa petroli yenye turbo kubwa, geji hiyo hufika mwisho wake mahali ambapo taarifa ndiyo inaanza kuwa na maana. MAX31855 na AD8495 huenda mbali zaidi.

Themokapo yenyewe huchoka. Kromeli ikikaa kwenye joto la nyuzi 800 hadi 1,000 hivi katika gesi yenye oksijeni kidogo, kromiamu yake huliwa pole pole na usomaji hushuka. Na gesi yenye oksijeni kidogo ndiyo hasa hutoka kwenye injini ya turbo iliyopewa mafuta mengi. Ala ya chuma cha Inconel inayofunika nyaya hupunguza tatizo bila kulimaliza. Aina ya N, iliyobuniwa Australia na Noel Burley, ilikusudiwa kuondoa udhaifu wa namna hii, ila katika karakana za magari bado haijachukua nafasi ya aina ya K. Sensa iliyotumika misimu miwili kwenye gari la mashindano inastahili kulinganishwa na mpya kabla ya kuaminiwa.

Unene wa ala huamua kasi. Ala ya milimita 6 hustahimili mitetemo vizuri lakini huchelewa; ya milimita 3 au chini hujibu haraka zaidi na hukatika upesi zaidi, na kipande kilichokatika kabla ya turbo huishia kwenye mapanga ya tabaini. Hata sensa nyembamba haioni mwako mmoja mmoja. Moshi hutoka kwa mapigo: wingu la moto mkali valvu inapofunguka, kisha utulivu, kisha wingu tena. Sensa husoma wastani wa hayo yote, na zaidi ya hapo hupoteza joto kidogo kwa kuta za bomba zilizo baridi kuliko yenyewe. Namba inayosomwa basi iko chini ya joto halisi la gesi katika sekunde ile inapotoka kwenye silinda. Hilo si kasoro inayopaswa kumkatisha mtu tamaa. Ni sababu ya kuzifunga sensa zote kwa umbali uleule kutoka kwenye silinda, sentimita chache tu, ncha zikiwa katikati ya mkondo, zote za unene mmoja na kutoka kwa mtengenezaji mmoja. Zikifungwa hivyo, makosa yanafanana, na tofauti kati ya silinda hubaki kuwa ya kweli.

Silinda moja ikiwa na nyuzi 60 zaidi ya nyingine zote kwenye mzigo uleule, uchunguzi una pa kuanzia: nozeli, plagi, hewa inayovuja kwenye gasketi ya manifoldi, mgawanyo usio sawa wa hewa. Silinda iliyopoa ghafla huenda haiwaki kabisa. Ikiwa namba za silinda zote zimepanda pamoja, basi tatizo ni la injini nzima, labda pampu ya petroli iliyochoka au cheche iliyorudishwa nyuma. Katika utafutaji wa namna hii geji moja iliyo baada ya turbo haisaidii sana, kwa sababu gesi inapopita kwenye tabaini huiachia sehemu ya nishati yake na kupoa kwa nyuzi 100 hadi 200, wakati mwingine zaidi, kutegemea mzigo. Wengi huifunga hapo kwa kuogopa kipande kuvunjikia kwenye turbo. Ni hofu ya haki, mradi anayesoma ajue kwamba namba yake ni ya mahali pengine na asiilinganishe na kikomo kilichotajwa kwa ajili ya upande wa mbele.

Wanaoendesha gokati zenye injini za mipigo miwili wana sababu ya ziada ya kupima. Bomba lao la ekzosi lenye tumbo pana huirudishia injini mawimbi ya sauti yanayozuia mchanganyiko mbichi kutoroka, na kasi ya mawimbi hayo hutegemea joto la gesi. Katika hewa ya nyuzi 20 sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Katika moshi wa nyuzi 600 hufika karibu mita 580. Kubadili mafuta kidogo hubadili joto, joto hubadili kasi ya wimbi, na bomba linaanza kufanya kazi vizuri kwenye mzunguko tofauti wa injini. Dereva mzoefu huitumia geji yake kutyuni bomba pamoja na kabureta.

Kwenye turbo, kikomo ni cha metali. Tabaini hutengenezwa kwa aloi za nikeli kama Inconel 713C, na watengenezaji wengi wa injini za petroli huweka mpaka kati ya nyuzi 950 na 1,050. Ndiyo maana mapanga yanayogeuza mkao wake, yaliyozoeleka kwenye dizeli, yalichukua muda kuingia katika petroli. Porsche walipoyaweka kwenye 911 Turbo iliyotoka mwaka 2006, changamoto kubwa ilikuwa kupata vifaa vya kustahimili nyuzi 1,000, ilhali moshi wa dizeli hukaa kwenye 700 au 800.

Magari ya rali yaliuvuka mpaka huo kwa hiari. Ili turbo isipoe dereva anapoachia mguu kwenye kona, wahandisi wa miaka ya 1990 waliacha hewa na mafuta yaendelee kuingia huku cheche ikicheleweshwa kupita kiasi, hivi kwamba mwako ulimalizikia ndani ya manifoldi na kuendelea kuizungusha tabaini. Milipuko iliyosikika Safari Rally wakati huo, kwenye Toyota Celica kama ile aliyoshindia Mkenya Ian Duncan mwaka 1994 na Impreza ya Colin McRae mwaka 1997, ni ya kizazi cha mitambo hiyo. Turbo za timu za kiwanda zilibadilishwa mara kwa mara. Kijana anayeomba programu ya namna hiyo kwa gari la kwenda nalo kazini anaomba gharama ya timu ya kiwanda bila bajeti yake, na fundi mwaminifu anapaswa kumwambia hivyo.

Viwanda navyo vimekuwa vikipima kwa muda mrefu. Magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 1970 hadi 1990 yalikuwa na taa dashibodini ya kuonya joto la moshi limezidi, ili masega ya kusafisha moshi ndani ya ekzosi yasiyeyuke na gari lisishike moto likiegeshwa juu ya nyasi kavu. Impreza WRX zilizouzwa Marekani kuanzia modeli ya 2002 zilikuwa na sensa ya joto kwenye bomba linalopanda kwenda kwenye turbo, mahali palipokuwa na masega madogo. Masega yakianza kuungua, kompyuta ingejua kabla vipande havijafika kwenye tabaini. Waliokuwa wakitoa masega hayo walibandika rizista ya omu 2,200 mahali pa sensa, na kompyuta ikaamini kwamba kila kitu kimepoa milele. Kwa bomba lisilo na masega hatari ile ilikuwa imeondoka kweli. Lakini wengine walirithi gari hilo bila kuambiwa, wakaongeza shinikizo la turbo, na sensa ambayo ingewasaidia ilikuwa imeshabadilishwa na rizista isiyobadilika.

Njia ya kawaida ya kiwandani ya kupooza moshi ni kumwaga petroli ya ziada, na ina gharama: matumizi hupanda na kaboni monoksidi huongezeka. Vipimo vya moshi barabarani vilivyoanza Umoja wa Ulaya mwaka 2017 vilifanya njia hiyo kuwa ngumu kuitetea. Volkswagen walikuwa wameshaingiza manifoldi ya ekzosi ndani ya silinda hedi ya injini za EA888 za kizazi cha tatu, ili maji yaipooze. BMW katika M4 GTS ya 2016, yenye nguvu farasi 500, walinyunyizia maji kwenye hewa inayoingia, wakapunguza joto la mwako na kuruhusu shinikizo na taimingi zaidi.

Kompyuta nyingi za sasa hukadiria joto la moshi bila sensa yoyote, kwa hesabu inayotumia hewa iliyoingia, mafuta, taimingi na mzunguko wa injini, kisha huamua wakati wa kumwaga mafuta ya kupooza. Hesabu hiyo ni sahihi kwa injini iliyotoka kiwandani. Fundi akibadilisha turbo, manifoldi au bomba, hesabu haijui, na inaweza kuchelewa kumwaga mafuta au kumwaga mapema bila sababu. Wengine huondoa usumbufu huo kwa kupandisha kikomo katika programu hadi namba isiyofikiwa kamwe. Kazi iliyo sahihi ni ndefu zaidi: kufunga sensa ya kweli kwa muda, kushikilia injini kwenye mzigo thabiti katika pointi kadhaa, kulinganisha kilichopimwa na kilichokadiriwa, kisha kusahihisha jedwali mpaka viwili hivyo vikubaliane.

Na mzigo thabiti ndio unaokosekana katika vipimo vingi. Mvuto mmoja wa daino, mashine ya kupimia nguvu ya gari, hudumu sekunde kumi hivi. Ndani ya muda huo nguvu inaweza kupimwa vizuri, lakini manifoldi, tabaini na sensa nene havijafikia joto lake la mwisho, kwa hiyo namba inayochapishwa kwenye karatasi ya matokeo iko chini ya ile itakayoonekana gari likipanda mlima kwa dakika tatu mfululizo. Gari linalotyuniwa kwa ajili ya njia ndefu, rali au mzigo linahitaji kushikiliwa kwenye daino yenye breki mpaka namba iache kupanda, ikirekodiwa pamoja na lambda, dalili za kugonga, joto la hewa inayoingia na mwinuko wa mahali. Rekodi hiyo ikihifadhiwa, gari likirudi mwaka ujao na silinda ya tatu ikawa nyuzi 40 juu ya ilivyokuwa, fundi atajua afungue nozeli ipi kwanza.